Karatasi, Mkasi na Mikono ya Watoto Wetu: Historia ya Kukunja na Kukata Karatasi



Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi, makala yetu ya leo ni ya historia, lakini ni historia ambayo kila nyumba hapa Kicukiro inayo jikoni. Tangu Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, mkate, sukari na vitunguu vinarudi nyumbani ndani ya mifuko ya karatasi ya kaki. Msafiri anayeshuka uwanja wa ndege wa Kanombe, ambao uko ndani ya wilaya yetu, huambiwa aiache mifuko yake ya plastiki pale pale. Mwaka 2019 ikaja sheria nyingine iliyogusa plastiki zinazotumika mara moja na kutupwa. Basi karatasi nyumbani haikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwonyesha mtoto kwamba karatasi hiyo, kabla ya kuwashia jiko, inaweza kuwa kazi ya mikono.

Mzazi anaweza kuuliza maswali matatu. Je, kukunja na kukata karatasi si kupoteza muda ambao mtoto angesoma? Je, huu si mchezo wa Wajapani, sisi unatuhusu nini? Na je, unamfaa mtoto wa Kiislamu? Maswali haya ni ya haki, na historia inayo majibu yake. Tuifuate hatua kwa hatua, in sha Allah.

NENO LENYEWE LINATOKA WAPI

Tuanze na neno "karatasi". Limetoka katika Kiarabu "qirtas", na Waarabu nao walilipata kutoka kwa Wagiriki. Ni neno la Qur'ani: limo katika Suratul An'aam, aya ya 7, na kwa wingi wake katika aya ya 91 ya sura hiyo hiyo. Lakini zama za Mtume (S.A.W.) karatasi kama tunayoijua leo ilikuwa bado haijafika Arabuni. Qirtas la wakati ule lilikuwa ni ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo, yale majani marefu ya majini ambayo Wamisri waliyapasua vipande vyembamba, wakavipanga, wakavigonga mpaka vikashikana.

Mafunjo hayo tunayo. Kwa Kinyarwanda tunayaita urufunzo, na yamejaa bondeni kando ya mto Nyabarongo, unaotenganisha tarafa ya Gahanga na wilaya ya Bugesera. Maji ya Nyabarongo huingia Akagera, kisha Ziwa Viktoria, na mwisho Mto Nile mpaka Misri. Mtoto wa Gahanga anayeona mafunjo kila siku anaona mmea ule ule ulioandikiwa nyaraka za kale.

KUTOKA CHINA HADI BAGHDAD

Karatasi ya kweli, ile inayotengenezwa kwa kuponda nyuzi katika maji mpaka ziwe rojo, kisha kuitandaza rojo hiyo na kuikausha, ilianza China. Kumbukumbu za Wachina zinamtaja ofisa wa ikulu aitwaye Cai Lun, aliyemweleza mfalme namna ya kuitengeneza mwaka 105, kwa kutumia magome ya miti, katani, matambara na nyavu kuukuu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vipande vya karatasi vya zamani zaidi ya hapo, kwa hiyo Cai Lun huenda aliboresha kazi iliyokuwapo. Lakini angalieni malighafi: matambara na nyavu zilizochakaa. Karatasi ilianza kama kazi ya kukiokoa kitu kilichotupwa.

Mwaka 751 (133 Hijria) jeshi la Waislamu lilipambana na jeshi la China karibu na mto Talas, katika eneo ambalo leo lipo mpakani mwa Kazakhstan na Kyrgyzstan. Mwandishi Al-Tha'alibi wa Nishapur (961-1038) ameeleza kwamba miongoni mwa mateka waliopelekwa Samarkand walikuwamo watu waliojua kutengeneza karatasi. Wanahistoria wa leo wanaona kwamba wafanyabiashara na watawa wa Kibudha walikuwa wameshaifikisha karatasi Asia ya Kati kabla ya vita hivyo. Vyovyote ilivyokuwa, Samarkand ikawa mji wa karatasi, na kutoka hapo ujuzi ukafika Baghdad.

Baghdad, mwishoni mwa karne ya 8, zama za Khalifa Harun al-Rashid, karatasi ilianza kutengenezwa kwa kazi za serikali. Ibn Khaldun anamtaja Al-Fadl bin Yahya wa ukoo wa Barmaki kuwa ndiye aliyeshauri jambo hilo. Sababu mojawapo iliyoifanya karatasi ipendwe ofisini ni rahisi kuielewa. Maandishi juu ya ngozi yanaweza kukwanguliwa na kuandikwa mengine, na mtu asijue. Wino juu ya karatasi hunywea ndani, na ukiukwangua alama inabaki. Karatasi ilikuwa ngumu kuidanganya.

Katika karne ya 9 Al-Ya'qubi aliandika kwamba Baghdad kulikuwa na maduka zaidi ya 100 ya "warraqin", yaani watu wa karatasi: wanaoiuza, wanaonakili vitabu na wanaovijalidi. Ibn al-Nadim, aliyekusanya orodha kubwa ya vitabu iitwayo Al-Fihrist mwaka 987 (377 Hijria), alikuwa mmoja wa watu wa kazi hiyo. Ujuzi ukaendelea magharibi: Damascus, Misri, Fez, mpaka Andalusia, ambako katikati ya karne ya 12 Al-Idrisi aliisifu karatasi ya mji wa Shatiba (leo Xàtiva, Hispania) kwamba haina mfano.

KUKATA KARATASI: SANAA YA QAT'

Palipokuwa na karatasi nyingi na mikono yenye subira, sanaa ilifuata. Waislamu walikuwa na sanaa yao kamili ya kukata karatasi, iliyoitwa kwa jina la Kiarabu qat', yaani kukata. Waturuki huiita kat'ı. Wanafunzi wa lugha watapenda kujua kwamba neno letu "kata" linafanana na hilo kwa bahati tu. Letu ni la Kibantu, ndiyo maana hata Kinyarwanda husema "gukata".

Katika mji wa Herat, ambao leo uko Afghanistan, sanaa hii ilistawi sana karne ya 15. Mtawala wake, Sultani Husayn Bayqara (alitawala 1469-1506), alikuwa mshairi, na nakala moja ya mashairi yake ilitengenezwa kwa namna ya ajabu: haikuandikwa kwa wino. Kila herufi ilikatwa kutoka katika karatasi ya rangi moja, kisha ikabandikwa juu ya karatasi ya rangi nyingine. Fikirini nukta na mikia ya herufi za Kiarabu, halafu fikirini mtu anayezikata kwa ncha ya kisu bila kuichana hata moja. Kurasa za kitabu hicho zimehifadhiwa mpaka leo katika majumba ya makumbusho.

Kutoka Iran na Herat sanaa hiyo ilihamia Istanbul. Mafundi wa Kituruki walikuwa na majina mazuri ya kazi yao. Umbo lililokatwa na kutolewa waliliita la kiume, na karatasi iliyobaki na tundu la umbo hilo waliiita ya kike. Zote mbili zilitumika, hakuna kilichotupwa. Mwanzoni mwa karne ya 17 alisifika fundi aitwaye Fakhri, mtu wa mji wa Bursa, aliyekata bustani nzima za karatasi: maua, majani na miti, vipande vyembamba kama uzi. Wasafiri wa Ulaya waliofika Istanbul walinunua kazi za namna hiyo na kurudi nazo makwao ndani ya vitabu vyao vya kumbukumbu.

Baadaye sanaa hii ilififia, na ikakaribia kusahaulika. Katika karne ya 20 daktari na mwanahistoria wa Kituruki, Süheyl Ünver (1898-1986), alikusanya habari za mafundi wa zamani na kuwafundisha vijana sanaa za kale, hii ikiwemo. Binti yake akaendeleza kazi hiyo na kuiandikia kitabu. Leo kuna walimu na wanafunzi wa kat'ı Uturuki. Iliponea kwa sababu mtu mmoja mwenye shughuli nyingi aliona inafaa kukaa na vijana na kuwaonyesha.

MKASI NA HESABU

Ama kwa mzazi anayehofia masomo, tumkumbushe Abu al-Wafa al-Buzjani (940-998), mwanahesabu mkubwa wa Baghdad. Huyu aliandika kitabu maalumu kuhusu jiometri anayoihitaji fundi. Ndani yake anaeleza jinsi wanahesabu na mafundi walivyokutana na kujadiliana. Mojawapo ya masuala yao lilikuwa hili: una miraba mitatu iliyo sawa, uikateje na kuiunga upya iwe mraba mmoja mkubwa? Mafundi walikuwa na njia zao za kukata, zilizoonekana sawa kwa macho. Al-Buzjani aliwaonyesha kwamba baadhi ya njia hizo si sahihi, kisha akawapa njia yenye uthibitisho.

Suala la miraba mitatu ni gumu kidogo, lakini la miraba miwili mtoto wa shule ya msingi analiweza. Chukua miraba miwili ya karatasi iliyo sawa. Kata kila mmoja kutoka pembe hadi pembe, upate pembetatu nne. Sasa zipange zote nne ili pembe zao za mraba, yaani zile za nyuzi 90, zikutane katikati. Utapata mraba mmoja mkubwa. Mwulize mtoto: mraba huu ni mkubwa mara ngapi kuliko ule wa kwanza? Je, upande wake nao umekuwa mara mbili? Akipima kwa rula ataona haukuwa mara mbili, na hapo atakuwa ameshaingia katika hesabu ya kipeo cha pili bila kuogopa. Kwa hiyo mkasi ni chombo cha masomo, na Al-Buzjani alilijua hilo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

TULIVYOKUWA WANUNUZI

Ndugu wasomaji, hapa historia inatuuma kidogo, na ni vyema watoto wakubwa waisikie. Wataliana walijifunza karatasi kutoka nchi za Kiislamu. Katika karne ya 13 mafundi wa mji wa Fabriano waliboresha vinu vyao vya maji, wakagundua pia namna ya kuweka alama ndani ya karatasi, ambayo huonekana ukiinyanyua kwenye mwanga. Karatasi yao ilikuwa nzuri na bei yake ndogo. Muda si mrefu walianza kuwauzia wale wale waliowafundisha, na viwanda vya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati vikaanza kupungua kimoja baada ya kingine.

Hapo likazuka swali la dini. Alama nyingine za karatasi ya Kitaliano zilikuwa msalaba au picha ya kiumbe chenye roho. Je, Muislamu aandike Qur'ani na hadithi juu yake? Mwaka 1409 (812 Hijria), katika mji wa Tlemcen, Algeria ya leo, mwanachuoni Ibn Marzuq alitoa fatwa juu ya jambo hilo. Alijibu kwamba inajuzu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba anayeandika jina la Allah juu ya karatasi ile anaiweka haki mahali pa batili. Hakuuliza tu karatasi imetoka kwa nani. Aliangalia inafanyiwa nini.

Nao wafanyabiashara wa Italia walikuwa na akili. Kwa soko la Waislamu wakatengeneza karatasi yenye alama ya miezi mitatu miandamo. Karatasi hiyo iliuzwa katika dola ya Uthmaniya yote, ikafika Ethiopia na mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, ulisifika karne ya 18 na 19 kwa waandishi wake wa misahafu, wenye nakshi za rangi nyekundu, nyeusi na njano pembezoni mwa kurasa. Mkono ulikuwa wa Mswahili, nakshi ya Mswahili, maneno ya Mola wetu; karatasi ilitoka ng'ambo.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kitu kutoka kwa watu wengine si haramu kwa sababu hiyo tu. La pili, jamii ikiacha kufanya kazi kwa mikono yake, hata ile iliyowafundisha wengine, mwisho hubaki kununua. Kumnunulia mtoto kila kitu kilichokwisha tengenezwa ni kumlea katika hali hiyo ya pili.

JE, NI MCHEZO WA WAJAPANI?

Sasa tuje kwenye kukunja. Neno "origami" ni la Kijapani kweli: "ori" ni kukunja na "kami" ni karatasi. Lakini karatasi yenyewe haikuanzia Japani. Kwa mujibu wa kitabu chao cha kale cha historia, Nihon Shoki, ujuzi huo uliletwa na mtawa kutoka Korea mwaka 610. Wajapani waliupokea, wakatengeneza karatasi yao nyembamba na imara, na kwa karne nyingi wakakunja karatasi kwa ajili ya sherehe na zawadi. Mwaka 1797 kilichapishwa kitabu cha kukunja korongo wa karatasi, Hiden Senbazuru Orikata, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya zamani kabisa vya sanaa hiyo.

Wakati huo huo Ulaya nao walikuwa wakikunja kwa njia yao. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837, aliweka kukunja na kukata karatasi miongoni mwa kazi za watoto hao, ili wajifunze maumbo kwa vidole kabla ya kujifunza kwa maneno. Shule za namna hiyo zilipofika Tokyo mwaka 1876, mikunjo ya Fröbel ikachanganyika na ile ya Kijapani. Mwaka 1893 Mhindi aitwaye T. Sundara Row alichapisha Madras kitabu cha kufundisha jiometri kwa kukunja karatasi tu. Kwa hiyo sanaa inayoitwa ya Wajapani ina mikono ya Wachina, Wakorea, Wajerumani na wengine.

Aliyeifanya ijulikane dunia nzima ni Akira Yoshizawa (1911-2005). Alianza kazi kiwandani akiwa kijana mdogo, na baadaye alitumia karatasi kuwafundisha wafanyakazi wenzake jiometri. Katika miaka ya 1950 alichapisha michoro yenye mishale na mistari ya vipande vipande inayoonyesha mahali pa kukunja. Michoro hiyo haihitaji lugha: mtoto wa Kicukiro asiyejua neno la Kijapani anaweza kuifuata. Na wale wanaodhani ni mchezo wa watoto tu wajue kwamba mwaka 1995 Japani ilirusha chombo cha anga kilichobeba paneli za jua zilizokunjwa kwa mkunjo wa Miura, uliobuniwa na mhandisi Koryo Miura, ili ziingie mahali padogo na kufunguka huko juu.

Watoto wengi husikia pia habari za Sadako Sasaki. Alikuwa na umri wa miaka 2 bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Miaka kumi baadaye aliugua saratani ya damu, na akiwa hospitalini alikunja korongo wa karatasi, kwa kuwa Wajapani wana desturi isemayo kwamba atakayekunja 1,000 hupata analoliomba. Alifariki Oktoba 1955, akiwa na miaka 12. Watoto wenzake walichangisha fedha, na mwaka 1958 sanamu ya kumbukumbu ya watoto ikazinduliwa katika mji huo. Sisi Waislamu tunawafundisha watoto wetu kwamba dua huelekezwa kwa Allah peke yake, wala karatasi haileti shufaa. Lakini sisi watu wa Kicukiro, tulio na eneo la kumbukumbu la Nyanza katika wilaya yetu, tunaelewa vyema kwa nini watoto wa Hiroshima walitaka mikono yao ifanye kitu kwa ajili ya mwenzao.

KARATASI NA WAISLAMU WA RWANDA

Hapa Rwanda, zamani mambo makubwa ya nchi yalihifadhiwa vichwani. Ikulu ya mfalme ilikuwa na watu maalumu wa kukariri siri za ufalme, mashairi na nasaba. Karatasi iliingia mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na iliingia kwa milango miwili. Mmoja ulikuwa wa Wazungu: misheni ya Save ilianzishwa mwaka 1900, na Kigali ikaanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907. Mlango wa pili ulikuwa wa wafanyabiashara, askari na wakalimani Waislamu kutoka mwambao, waliokuja na Kiswahili na msahafu. Msikiti wa kwanza wa nchi ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913.

Milango hiyo haikuwa sawa. Wakati wa utawala wa Wabelgiji shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walihofia kuwapeleka watoto wasije wakabadilishwa dini. Waislamu wa Kigali, wengi wao wakiishi Biryogo, walijulikana kwa biashara, udereva na ufundi. Vyuo vya Qur'ani vilikuwapo, lakini daftari na kalamu ya shule vilichelewa kuingia katika nyumba nyingi. Baada ya uhuru, jumuiya ya Waislamu iliundwa rasmi mwaka 1964, na polepole shule za Waislamu zikaongezeka. Wazee wetu waliihangaikia karatasi. Mjukuu wao leo anayo tele, na inatupwa.

Tena sisi si wageni wa maumbo. Sanaa ya imigongo kutoka Gisaka, katika Kirehe ya leo, ambayo akina mama hutengeneza kwa samadi ya ng'ombe na majivu, ni ya mistari ya mkunjo, almasi na pembetatu, kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi huinasibisha na Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka. Vikapu vya agaseke navyo vina mistari ile ile inayopanda kwa hesabu. Na kila mama anayekunja sambusa za futari mwezi wa Ramadhani, akichukua ukanda wa unga na kuuzungusha pembetatu juu ya pembetatu mpaka mfuko ufunge, tayari ni mwalimu wa kukunja. Mwiteni mtoto akae karibu aangalie.

TUANZE VIPI NYUMBANI

Tunapendekeza kazi moja ya kuanzia, ambayo kila mtoto wa madrasa ameshaiona. Fungua msahafu: katika misahafu mingi, pembeni mwa baadhi ya aya, kuna alama ya nyota yenye ncha 8, iliyo kama miraba miwili iliyopandana. Ni alama ya robo ya hizbu. Qur'ani ina hizbu 60, kwa hiyo robo zake ni 240. Nyota hiyo tutaikata.

1. Chukua karatasi nyembamba, kwa mfano ukurasa wa daftari la zamani. Karatasi ya kaki ni nene, iacheni kwa kukunja maboksi na bahasha.

2. Kunja pembe moja mpaka makali ya juu yalale juu ya makali ya pembeni, kisha kata ukanda uliobaki. Ukifungua una mraba.

3. Kunja mraba nusu, kisha nusu tena, upate mraba mdogo. Tambua pembe ambayo ni katikati ya karatasi.

4. Kunja mraba mdogo kutoka pembe hiyo ya katikati kwenda pembe ya mkabala, upate pembetatu. Kunja tena pembetatu hiyo ukikutanisha kingo zake mbili zinazoanzia pale katikati. Sasa una kipande chembamba chenye ncha kali.

5. Kata kwa mshazari mkato mmoja ulionyooka, ili kutoka kwenye ncha hiyo ukingo mmoja ubaki kama robo tatu ya mwingine. Fungua taratibu.

Ukikata hivyo hutoka nyota iliyo karibu sana na ile ya msahafu. Mtoto abadilishe mshazari wa mkato na kuona nyota inavyonenepa au kukonda. Akikosea, karatasi ni ya daftari kuukuu, achukue nyingine. Baada ya nyota ajaribu mistari ya imigongo, akate nyeusi na kuibandika juu ya nyeupe, kama mafundi wa Herat walivyobandika herufi zao. Gundi inaweza kuwa uji mzito wa unga.

Tunakumbusha adabu tatu. Kwanza, karatasi yenye aya, hadithi au jina la Allah isikatwe wala isikunjwe kwa mchezo; iwekwe kando na apewe mwalimu wa madrasa. Mtoto akizoea kuangalia kilichoandikwa kabla ya kukata, hiyo yenyewe ni tarbiya. Pili, kuhusu maumbo ya wanyama na ndege, wanavyuoni wametofautiana katika vitu vya kuchezea watoto. Mwenye shaka amuulize sheikh wake. Maua, nyota na mistari vinatosha kumshughulisha mtoto miaka mingi, na Fakhri wa Bursa alipata sifa yake kwa maua. Tatu, wembe na visu ni vya wakubwa; mdogo apewe mkasi butu na mtu mzima akae naye.

Wakati wa kufanya haya upo. Ipo Jumamosi ya umuganda baada ya kazi kwisha, ipo likizo, ipo saa ile kabla ya Magharibi ambapo simu huwa mkononi mwa kila mtu. Ndugu wakubwa wawafundishe wadogo. Baba naye asikae pembeni akidhani ni kazi ya kike: warraqin wa Baghdad walikuwa wanaume wenye ndevu zao, na waliiona ni heshima.

Karatasi imepita katika mikono ya mataifa mengi kabla ya kufika jikoni kwetu, na kila taifa lililoithamini liliacha kitu juu yake. Tuwape watoto wetu nafasi waache chao. Kesho mfuko wa mkate ukirudi nyumbani, msiutupe. Ukunjueni, unyoosheni kwa kiganja, muuweke mahali ambapo mtoto ataufikia.

Allah (S.W.) awape watoto wetu elimu yenye manufaa na mikono yenye kazi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.